Jinsi ya kupima wananchi wako tayari kuvumilia nini wakati wa lokidauni: mwongozo wa utafiti wa kadi za chaguo

Ukimwuliza mtu sokoni Kongowea, Mombasa, kama anaunga mkono lokidauni, atakujibu ndiyo au la, na jibu lolote kati ya hayo halikufundishi kitu. Atasema ndiyo akimfikiria jirani aliyelazwa; atasema la akifikiria kodi ya nyumba. Anayepanga sera anahitaji kujua jambo jingine: mtu huyu yuko tayari kuacha nini ili apate nini. Shule zikifungwa, hilo analiona zito kuliko kafyu au jepesi? Kafyu ikianza saa tatu badala ya saa moja, nafuu hiyo ina thamani gani kwake? Fidia ya shilingi ngapi kwa wiki inageuza jibu lake?

Njia inayopima hayo vizuri ni jaribio la machaguo. Mhojiwa anaonyeshwa mipango miwili kamili ya masharti, anachagua mmoja, kisha anaonyeshwa miwili mingine, hivyo hivyo mara nane. Hakuna mpango ulio mzuri kila upande, kwa hiyo kila anapochagua kuna kitu anachokiachia. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuliandaa jaribio hilo kwa Mombasa na Nairobi, ambako watu wameishi chini ya karibu kila aina ya masharti na hawahitaji kuelezwa kafyu ni nini.

Anza na yaliyotokea

Andika kwanza ratiba ya masharti yaliyowahi kuwekwa mahali utakapohoji. Kwa Kenya, mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye shule zilifungwa, na tarehe 27 Machi ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili ikawa marufuku kuingia au kutoka Nairobi, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Tarehe 6 Mei zikafuata Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa. Juni kafyu ilisogezwa hadi saa tatu usiku, na mwishoni mwa Septemba hadi saa tano. Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba 2020. Wengine walisubiri hadi Januari 2021. Machi 2021 kaunti 5 zilifungwa tena: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Ratiba hii ndiyo ghala lako la viwango, yaani ngazi tofauti za kila sharti utakazoandika kwenye kadi. Kafyu ya saa moja, ya saa tatu na ya saa tano ni vitu ambavyo mhojiwa ameviishi. Anajua kila kimoja kilimgharimu nini. Ukibuni kafyu ya saa kumi jioni kwa sababu inapendeza kwenye hesabu, atakujibu kwa kukisia, nawe utachambua makisio.

Kisha fanya vikao vya mjadala 4 hadi 6, kila kimoja watu 6 hadi 8, na usichanganye matabaka: waendesha bodaboda peke yao, akina mama mboga peke yao, wafanyakazi wa mshahara wa mwezi peke yao, wazee peke yao. Usiwasomee orodha yako. Waulize ni nini kiliwaumiza zaidi, nini kiliwasaidia, na wakipewa kupanga upya wangebadilisha nini. Kinachojitokeza chenyewe katika vikao vitatu au zaidi kinastahili kuingia kwenye kadi. Mombasa, kwa mfano, ni vigumu kumaliza kikao bila kusikia habari za Ramadhani ya 2020: kafyu ya saa moja ilimkuta mtu ndiyo kwanza amefuturu, ikafuta biashara yote ya usiku na ikamzuia kutoka kwenda kokote. Mtafiti aliyekaa ofisini Nairobi hawezi kuliwaza hilo mwenyewe.

Sifa sita na viwango vyake

Zaidi ya sifa sita au saba, mhojiwa huacha kusoma kadi nzima na kuangalia mistari miwili tu. Kwa kazi hii tunapendekeza hizi:

- Muda wa masharti: wiki 2, 4, 8 au 12.
- Kafyu: hakuna, kuanzia saa tano usiku, saa tatu usiku, saa moja jioni.
- Shule: wazi zote, madarasa ya mtihani tu, zimefungwa zote.
- Fidia kwa kaya kwa wiki: Sh0, Sh1,000, Sh2,000 au Sh4,000.
- Vifo kati ya kila watu 10,000: 2, 5, 10 au 20.
- Nani anasimamia: polisi, maafisa wa afya wa kaunti wakitoza faini, viongozi wa Nyumba Kumi pamoja na wahudumu wa afya ya jamii.

Sifa ya mwisho ndiyo ambayo tafiti nyingi zilizoigwa kutoka Ulaya huikosa, na kwa Kenya kuiacha ni kosa kubwa. Chuki nyingi iliyoonekana kuelekezwa kwa kafyu ilikuwa ni chuki ya rungu na gesi ya machozi. Siku ya kwanza kabisa ya kafyu, watu waliokuwa wakisubiri feri Likoni walipigwa na kurushiwa gesi kabla saa hazijatimia. Kama kadi haisemi nani anasimamia, mhojiwa atajaza pengo hilo mwenyewe, na karibu kila mara atajaza polisi. Uzito wa polisi, yaani kiasi ambacho kuwapo kwao kunamsukuma mtu kukataa mpango, utaingia ndani ya uzito wa kafyu, na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba wananchi wanakataa kafyu.

Kanuni hiyo hiyo inahusu vifo. Ukiviondoa kwa kuogopa kumtisha mhojiwa, atadhani kafyu kali inaokoa watu wengi na kafyu nyepesi inaua, na dhana hiyo itajibandika kwenye namba za kafyu bila wewe kujua. Sifa yoyote ambayo mhojiwa ataikisia kutokana na sifa nyingine lazima iandikwe waziwazi kwenye kadi.

Kuandika vifo bila kumpotosha mtu

Chagua kipimo kimoja na usikibadilishe. "Kati ya watu 10,000" kinafaa kwa sababu viwango vinabaki namba nzima. Karibu yake weka idadi kamili ya kaunti. Sensa ya 2019 iliihesabia Mombasa watu 1,208,333, kwa hiyo vifo 2 kati ya 10,000 ni kama watu 240, vifo 5 ni kama 600, vifo 10 ni kama 1,200, na vifo 20 ni kama 2,400. Nairobi, yenye watu 4,397,073, inahitaji kadi zake. Usimpe mtu wa Changamwe idadi ya Nairobi. Namba kubwa humtisha hata kama hatari ni ile ile.

Amua pia kama utasema watu watakaokufa au watakaookolewa, na ushikilie neno moja kadi zote. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwapa watu tatizo la ugonjwa unaotishia watu 600. Ilipoelezwa kwamba mpango wa uhakika utaokoa 200, asilimia 72 waliuchagua. Mpango huo huo ulipoelezwa kwamba 400 watakufa, waliouchagua walikuwa asilimia 22. Hesabu ni moja, lugha imegeuza kila kitu. Sisi tungetumia "watakaokufa", kwa sababu ndivyo taarifa za Wizara ya Afya zilivyosomwa kila jioni na ndivyo watu walivyozoea kusikia.

Fidia, na swali la kuaminika

Fidia ndiyo rula utakayopimia mengine yote, kwa hiyo iandike kwa makini kuliko chochote. Isiwe "msaada wa serikali". Iwe: "Kila kaya inatumiwa Sh2,000 kwa M-Pesa kila Ijumaa kwa muda wote wa masharti." Njia, siku na kiasi vyote viwepo. Kiwango cha Sh1,000 kimewekwa makusudi: ndicho kilicholipwa kwa wiki mwaka 2020 kwa baadhi ya kaya maskini mijini.

Neno "baadhi" ndilo lenye shida. Majirani wengi wa waliopata hawakupata, na wanakumbuka. Mhojiwa asiyeamini kwamba hela itaingia ataiona Sh4,000 kama karatasi, hatajali tofauti kati yake na Sh1,000, na uzito wa fedha kwenye matokeo utakuwa mdogo. Sasa angalia kinachofuata: fidia inayotakiwa hupatikana kwa kugawa uzito wa kafyu kwa uzito wa fedha. Kigawanyo kikipungua, jibu linapanda. Utaripoti kwamba watu wanadai Sh9,000 kwa wiki, kumbe wanachokwambia ni kwamba hawaamini watalipwa. Kwa hiyo baada ya kadi ya mwisho uliza: "Kwa maoni yako, hela zilizoandikwa kwenye kadi hizi zingefika kweli kwa kaya kama yako?" Weka majibu manne, kuanzia "hakika zingefika" hadi "hakika zisingefika", kisha uchambue kila kundi peke yake. Makundi yakitofautiana sana, usiripoti kiasi kimoja cha fidia hata kidogo.

Kupanga kadi

Viwango hivyo vikichanganywa vyote vinazaa mipango 2,304 (4×4×3×4×4×3), na jozi zaidi ya milioni 2.6. Unahitaji jozi 24 tu zilizochaguliwa vizuri, ukizigawa mafungu matatu ya jozi nane. Idadi ya 24 inagawanyika kwa 3 na kwa 4, hivyo kila kiwango kinaweza kutokea sawa na wenzake. Programu ya Ngene hufanya kazi hiyo kwa malipo. Kwa R, programu ya takwimu, kuna vifurushi vya idefix na support.CEs, bure.

Mpangilio unaofaa huhitaji makadirio ya awali ya uzito. Anza na makadirio yenye ishara tu (vifo hasi kidogo, fidia chanya kidogo), hoji watu 50 kwa majaribio, kokotoa, kisha panga upya kadi kwa uzito uliopata. Kuruka hatua hii kunaleta kadi ambazo jibu lake liko wazi mno: asilimia 95 wanachagua upande mmoja na kadi haikupi taarifa yoyote.

Utashawishika kuondoa kila mpango unaoonekana wa ajabu, kwa mfano wiki 12 za kafyu ya saa moja na vifo 20. Ondoa michache tu. Ukilazimisha vifo vishuke kila masharti yanapokaza, hutaweza tena kutenganisha kipi kinamsukuma mhojiwa. Badala yake mweleze mapema kwamba idadi ya vifo inategemea pia ukali wa ugonjwa, nafasi za hospitali na chanjo, kwa hiyo kadi zinaweza kuonyesha mchanganyiko wowote.

Ongeza kadi mbili zisizohesabiwa. Moja ni ya mtego, ambapo Mpango A ni bora kwa kila sifa. Nyingine ni marudio ya kadi ya tatu, ikiletwa mwishoni huku A na B wamebadilishana nafasi. Jumla ni kadi kumi, kila moja dakika moja hivi.

Na swali la kukataa vyote? Liweke, lakini kwa hatua mbili. Kwanza achague kati ya A na B, lazima. Kisha: "Kama ungeweza kuchagua kutokuwa na masharti yoyote, hakuna fidia, na vifo 20 kati ya 10,000, ungebaki na huo uliouchagua au ungechukua huu?" Namba ya vifo lazima itajwe. Bila hivyo kila mtu anabeba picha yake ya "bila masharti", na huwezi kulinganisha majibu.

Kadi na maneno ya mdadisi

Kadi moja inasomeka hivi:

*Mpango A. Wiki 4. Kafyu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Shule zote wazi. Kila kaya inatumiwa Sh1,000 kila Ijumaa. Watu 5 kati ya 10,000 watakufa (Mombasa nzima, kama watu 600). Polisi wanasimamia.*

*Mpango B. Wiki 4. Kafyu kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Shule zote wazi. Kila kaya inatumiwa Sh1,000 kila Ijumaa. Watu 10 kati ya 10,000 watakufa (Mombasa nzima, kama watu 1,200). Nyumba Kumi na wahudumu wa afya wanasimamia.*

Andika saa kwa maneno, kama hapo juu. Vishikwambi huja na 19:00, mdadisi mchovu anaisoma "saa kumi na tisa", na mhojiwa wa miaka 60 anabaki akikuangalia.

Kabla ya kadi ya kwanza mdadisi asome, neno kwa neno: "Hakuna jibu sahihi wala kosa. Watu wengi katika tafiti kama hizi husema wangevumilia masharti ambayo wakiyapata kweli hawayavumilii. Tunakuomba ufikirie nyumba yako: kodi, chakula, watoto, kazi. Chagua kama ungechagua kweli." Maneno haya hayaondoi majibu ya kujipendekeza kabisa, ila yanayapunguza, na ni sekunde ishirini tu.

Chapisha kadi kwenye karatasi ya A5 zilizowekwa plastiki, hata kama majibu unayaingiza kwenye kishikwambi kwa programu ya KoboToolbox au ODK. Mhojiwa akiishika kadi mkononi anarudi kwenye mstari alioruka. Skrini iliyo mkononi mwa mdadisi haimruhusu. Fedha zichorwe kwa noti, vifo kwa vitone. Usichore jeneza. Eastleigh uwe na tafsiri ya Kisomali iliyotafsiriwa na mtu mmoja na kurudishwa Kiswahili na mwingine asiyeona ya kwanza.

Watu wangapi, na wapi

Kanuni ya haraka inayotumika sana ni 500 × viwango vya sifa yenye viwango vingi ÷ (kadi × mipango kwa kadi). Kwetu ni 500 × 4 ÷ (8 × 2) = 125. Hicho ni kiwango cha chini kabisa kwa kila kundi unalotaka kulisemea peke yake. Ukitaka makundi manne (kibarua na mshahara, Mombasa na Nairobi) unafika 500. Lakini hutawahoji watu waliotawanyika. Utachagua maeneo ya kuhesabia ya sensa na kuhoji kaya kumi katika kila eneo, na majirani hufanana mawazo. Tukichukulia mfanano wa 0.05, unazidisha kwa 1 + 9 × 0.05, yaani 1.45. Kutoka 125 unapanda hadi 181 au 182 kwa kundi. Weka 800 kwa jumla, ili wanaokataa na fomu mbovu visikuangushe.

Simu ni rahisi na inajaribu sana, hasa wakati wa mlipuko wenyewe. Ina matatizo mawili. Wasio na simu au wanaoazima laini ni wale wale ambao lokidauni iliwagonga zaidi, kwa hiyo sampuli ya simu inakuonyesha nchi yenye uwezo kuliko ilivyo. La pili, hakuna anayeweza kushika sifa sita mara mbili kwa kusikiliza tu. Kama huna budi, punguza hadi sifa nne, mbili zikiwa sawa kila kadi. Kutuma picha za kadi kwa WhatsApp kunatatua la pili na kuongeza ubaya wa la kwanza.

Ndani ya kaya chagua mtu kwa bahati nasibu kati ya wenye miaka 18 na zaidi. Ukimhoji anayefungua mlango saa nne asubuhi, utapata wasiofanya kazi nje, na hao kafyu ya usiku haikuwahi kuwagusa kama ilivyomgusa muuza viazi karai. Rudi jioni na Jumapili. Mombasa usipange kuhoji wakati wa Ramadhani.

Vibali, na swali usiloruhusiwa kuuliza

Unahitaji idhini ya kamati ya maadili iliyotambuliwa, kisha kibali cha utafiti cha NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu), kisha kujitambulisha kwa kaunti na kwa chifu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakutaka useme data itatumika kwa nini na itahifadhiwa muda gani. Hifadhi namba za simu kwenye faili tofauti na majibu.

Usimwulize mtu kama alivunja kafyu. Kanuni za Aprili 2020 ziliweka faini ya hadi Sh20,000 au kifungo cha hadi miezi sita hata kwa asiyevaa barakoa hadharani. Kuvunja masharti lilikuwa kosa la jinai, na swali hilo linamtaka mtu ajishtaki mbele ya mgeni mwenye kishikwambi. Ukitaka kujua uvunjaji, tumia orodha: nusu ya wahojiwa wapewe matendo manne ya kawaida, nusu nyingine matano, la tano likiwa kutoka nje wakati wa kafyu. Kila mmoja anataja idadi tu ya aliyoyafanya. Tofauti ya wastani wa makundi mawili ndiyo kadirio lako.

Kuchambua

Anza na modeli ya lojiti ya masharti (conditional logit; "masharti" hapa ni jina la modeli, si ya lokidauni), iliyotokana na kazi ya Daniel McFadden, mshindi wa Nobeli ya uchumi mwaka 2000. Weka kafyu, shule na usimamizi kama viwango mbalimbali, kila kimoja na uzito wake. Muda nao uuweke hivyo mara ya kwanza; mara nyingi kutoka wiki 8 hadi 12 kunaumiza kuliko kutoka 2 hadi 4, na mstari mnyoofu ungeficha hilo.

Tuseme umepata uzito ufuatao (namba za mfano tu): kafyu ya saa moja −0.90, ya saa tatu −0.40, zote zikilinganishwa na kutokuwa na kafyu. Shule kufungwa −0.75; polisi −0.60 ukilinganisha na Nyumba Kumi. Kila Sh1,000 za fidia +0.30, kila kifo kimoja zaidi kati ya 10,000 −0.06.

Kafyu ya saa moja kwa fedha ni 0.90 ÷ 0.30, yaani Sh3,000 kwa kaya kwa wiki. Kwa vifo ni 0.90 ÷ 0.06 = 15: mhojiwa wa wastani anaikubali kama inazuia angalau vifo 15 kati ya 10,000. Kufunga shule ni Sh2,500, na polisi ni Sh2,000. Sasa rudi kwenye kadi ya hapo juu. Mpango A: −0.90 − 0.60 + 0.30 − 0.30 = −1.50. Mpango B: −0.40 + 0.30 − 0.60 = −0.70. Tofauti ni 0.80, na 1 ÷ (1 + e^−0.80) inakupa 0.69. Kwa namba hizi asilimia 69 wangechagua B, wenye vifo mara mbili. Anayesoma haraka atasema watu hawajali maisha. Fungua hesabu: B imeachia 0.30 kwenye vifo, imepata 0.50 kwa saa mbili za jioni na 0.60 kwa kuondoa polisi. Mpango wa tatu, wenye kafyu ya saa moja na vifo 5 lakini ukisimamiwa na Nyumba Kumi, una −0.90, karibu sana na B. Hicho ndicho cha kumpelekea waziri.

Kisha nenda kwenye lojiti mchanganyiko, ambayo inaruhusu watu kutofautiana na inajua kwamba majibu nane ni ya mtu mmoja. Kifurushi cha apollo kwenye R kinatosha. Tumia michoto ya nasibu 1,000 au zaidi, na uendeshe mara mbili kwa mbegu tofauti (namba inayoanzisha michoto hiyo). Matokeo yakibadilika, ongeza. Uzito wa fedha uache bila kutawanyika. Ukiuacha utawanyike kati ya watu kwa mgawanyo wa kawaida (normal), baadhi ya watu watapata fedha karibu na sifuri, na mgao unalipuka hadi mamilioni ya shilingi. Kwa ukingo wa makosa wa uwiano, tumia njia ya Krinsky na Robb: chota seti 10,000 za uzito kutoka kwenye matriki ya kovariansi (jedwali la modeli linaloonyesha mashaka ya uzito), gawanya kila seti, kisha chukua asilimia ya 2.5 na ya 97.5.

Mwisho tafuta makundi yaliyojificha, mawili hadi manne, ukilinganisha kwa BIC, kipimo cha kulinganisha modeli. Wastani wa nchi mara nyingi ni mtu asiyekuwepo: mwalimu ambaye mshahara uliingia akiwa nyumbani na kibarua wa bandarini wanachanganywa wanakuwa mtu mmoja anayedai nusu ya fidia.

Walioanguka kwenye kadi ya mtego usiwafute mara moja. Kokotoa pamoja nao na bila wao, uripoti yote mawili. Wanaochagua A kila mara, au wanaotumia chini ya sekunde nane kwa kadi, angalia kwanza ni za mdadisi yupi. Mara nyingi ni mdadisi mmoja aliyejaza fomu akiwa kibandani na chai.

Ukivuka mpaka

Kadi hizi hazifai Tanzania bila kufumuliwa. Huko shule na vyuo vilifungwa Machi 2020 na vyote vikawa vimefunguliwa kufikia mwisho wa Juni, na nchi haikuwahi kuingia lokidauni ya watu kukaa ndani, hivyo "bila masharti" ni jambo waliloliishi na kafyu ya saa moja ni ya kufikirika. Uganda ni kinyume: kulikuwa na wanafunzi waliokaa nje ya madarasa tangu Machi 2020 hadi 10 Januari 2022, kwa hiyo sifa ya shule inahitaji viwango vya miezi, si ya wazi na kufungwa.

Kama unataka maoni ya watu wengi mtandaoni kwa siku chache, kuna njia nyingine iliyotumika Uholanzi mwaka 2020. Karibu watu 30,000 walionyeshwa njia nane za kulegeza masharti, kila moja na mzigo wake kwa hospitali, wakaambiwa wachague kifurushi bila kuvuka kikomo cha mzigo huo. Inamweka mwananchi kwenye kiti cha waziri, na inafaa kwa mwenye kompyuta na nusu saa ya utulivu. Kibandani Majengo, kadi bado ndizo zinazofanya kazi.

Kwenye kila faili ya data andika tarehe ya mahojiano na masharti yaliyokuwapo siku hiyo katika kaunti hiyo. Majibu ya wiki ambayo wodi zimejaa na ya miezi sita baadaye hayalinganishwi bila safu hiyo, na hakuna atakayeikumbuka ukiiacha.